Kuitwa na Kutajwa

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, kisha kinaongeza jambo ambalo wengi hulipita mbio: haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Vitenzi hivyo ni viwili na havisemi kitu kimoja. Mtu huitwa pale unapomgeukia, ukamtamkia jina lake, ukangoja akujibu. Hutajwa pale wengine wanapomsema wao kwa wao, awe mbali au awe ameketi papo hapo kwenye jamvi. Garsen, Tarasaa, Ngao, Kipini, na kwa hakika Pwani nzima, mtu mwenye sindromu ya Down hutajwa mchana kutwa na huitwa kwa nadra. Ninavyoona mimi, ubaguzi anaokutana nao umejificha katika pengo hilo kuliko katika matusi, na ndiyo sababu kampeni za kubadilisha maneno, ambazo naziunga mkono, hufika mahali zikakwama.

Tuanze na hali yenyewe, maana lugha mbaya mara nyingi huanzia kwenye maelezo mabaya.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na kwa kawaida ndani ya kila seli mna kromosomu 46 zilizopangwa jozi 23. Nusu zatoka kwa mama, nusu kwa baba. Yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kila jozi hutengana ili yai au mbegu ibebe kromosomu moja tu ya kila jozi. Mara nyingine jozi ya 21 haitengani. Mtoto anayetungwa hapo huwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, jumla 47. Hivyo ndivyo ilivyo kwa takriban asilimia 95 ya watu wenye sindromu ya Down. Asilimia 3 au 4 hivi wana namna nyingine, ambapo kromosomu ya 21 ya ziada imegandana na kromosomu tofauti, na ni katika kundi hilo dogo tu ambamo mzazi, awe mama au baba, aweza kuwa amebeba mpangilio huo bila kujua. Waliobaki, wachache zaidi, wana mchanganyiko: baadhi ya seli zina 46, nyingine 47. Kromosomu hiyo ya ziada ilijulikana mwaka 1959 kutokana na kazi iliyofanyika Paris na kuhusishwa na majina matatu: Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Kabla ya hapo hata madaktari wa Ulaya walikuwa wakibahatisha, mmoja akisingizia kifua kikuu cha wazazi, mwingine kaswende.

Kwa hiyo hakuna alichokula mama mjamzito, wala mwiko aliouvunja, wala jicho lililomwangukia. Umri una nafasi yake: kwa mama wa miaka 20 uwezekano ni kama mmoja kati ya 1,500, na akifika miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na akina mama vijana, kwa sababu vijana ndio wazaao zaidi. Umoja wa Mataifa hukadiria mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa hai duniani. Kiwango hicho hakibagui Mpokomo, Muorma, Mwardei wala Mbajuni. Kaunti ya Tana River ilihesabiwa kuwa na watu 315,943 mwaka 2019; haiwezekani kabisa kwamba watu wenye sindromu ya Down hawamo katika kata zote sita za eneo bunge lake la Garsen. Kama huwaoni, uliza wako wapi.

Sensa hiyo yenyewe haiwezi kukujibu. Swali la ulemavu liliulizwa kwa waliotimiza miaka 5 na zaidi tu, na kitaifa likatoa asilimia 2.2, ilhali sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5 kwa maswali ya namna tofauti. Mwenye sindromu ya Down hana safu yake katika majedwali. Amechanganywa na wote wenye shida ya kukumbuka, kuwasiliana au kujihudumia. Na karani aliuliza mlangoni. Jibu lilitegemea aliyefungua mlango, na lilitegemea kama mtoto yule alikuwa uani au alikuwa ameingizwa chumbani wageni walipopiga hodi.

Kumwingiza chumbani hakutoki kwenye chuki. Wazazi wengi wanaomficha mtoto wanampenda. Wanachokimbia ni maneno ya watu. Mama ndiye abebaye mzigo wa kwanza. Upande wa mume husema kwao hakujawahi kuzaliwa mtoto wa hivi, kama kwamba kromosomu huulizana kabila na ukoo. Wengine hunong'ona kuhusu jini, kuhusu laana ya mzee aliyekufa na kinyongo, kuhusu mali ya haramu. Mkunga au muuguzi naye, aliyechoka na ana wazazi wengine watatu wodini, husema "mtoto wako ana shida" huku akiangalia karatasi, kisha huondoka. Sentensi hiyo moja hubaki kichwani mwa mama miaka yote. Lakini angeweza kuanza kwa kumpa hongera ya uzazi kama wenzake, akamshika mtoto mikononi wakati akisema naye, akamwita na baba aketi asikie pamoja, akaeleza anachokiona: misuli iliyolegea, umbo la macho, mstari mmoja unaokatiza kiganja. Angeongeza kwamba hizo ni ishara tu, na kwamba uhakika hutoka kwa kipimo cha kromosomu ambacho hakifanyiki katika zahanati. Hayo yote hayahitaji dakika kumi.

Kuna watakaosema imani za mkosi haziondoki. Lugha yetu inashuhudia kinyume. Neno kigego limo katika kamusi zetu: mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, akahesabiwa kuwa ataleta maafa kwa waliomzaa, na zamani wako waliouawa kwa sababu hiyo. Leo neno lipo lakini imani yenyewe imefifia sana, na vijana wengi wa Pwani hawalijui kabisa. Mtoto akiota meno ya juu kwanza, watu hucheka wakasema ana haraka ya kula. Ikiwa tuliweza kuliacha hilo, tunaweza kuacha na haya.

Ulaya nayo haina la kujivunia. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyekuwa akisimamia taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Earlswood, alieleza hali hii kwa makini kuliko waliomtangulia. Lakini aliieleza kwa nadharia ya ubaguzi wa rangi: aliwapanga wagonjwa wake kwa kuwafananisha na mataifa ya dunia, na kundi hili akaliita la Wamongolia, kama kwamba mtoto wa Kizungu ameshuka daraja akawa Mwasia. Neno hilo lilidumu vitabuni karibu miaka 100. Mwaka 1961 wanasayansi kadhaa waliandika katika jarida la The Lancet wakitaka liachwe, na mwaka 1965 wajumbe wa Mongolia wakaliomba Shirika la Afya Duniani lisilitumie tena. Likaachwa, na hali ikachukua jina la daktari. Nalisema hili kwa sababu wako Wakenya wanaojua Kiingereza wanaodhani "Down" hapo ni ile yenye maana ya chini, kwamba mtoto ametajwa kuwa wa chini. Ni jina la ukoo tu. Na ukoo huo wenyewe ulijaliwa: mmoja wa wajukuu wa daktari huyo alizaliwa mwaka 1905 akiwa na sindromu ya Down.

Sasa maneno yetu. Zezeta, taahira, punguani: haya hayahitaji mjadala. Yametumika muda mrefu kama matusi kwa mchezaji aliyekosa bao, kwa mwanafunzi aliyeshindwa hesabu, kwa mpinzani wa kisiasa, hata hayawezi tena kumtaja mtu bila kumpiga. Uharibifu wake ni mara mbili. Anayetukanwa huumia, naye mwenye sindromu ya Down aliyesimama pembeni anajifunza kwamba hali yake ndiyo kipimo cha aibu. "Mlemavu" ni neno lenye ubishi zaidi. Magazeti na redio hulitumia kila siku bila nia mbaya, ila mashirika ya watu wenye ulemavu huomba "mtu mwenye ulemavu", kwa hoja kwamba mtu atangulie na hali ifuate. Nakubaliana nao, ingawa sioni sababu ya kumkemea bibi wa miaka 80 aliyesema mlemavu huku akimlisha mjukuu wake. Kwa hali hii mahsusi, "mtu mwenye sindromu ya Down" yatosha, na katika sentensi tisa kati ya kumi kinachofaa zaidi ni jina lake.

Neno ambalo ningependa lishughulikiwe kabla ya yote ni neno la upole: mgonjwa. "Huyu ni mgonjwa." "Anaugua Down." Anayesema hivyo hudhani anahurumia, lakini neno hili lina madhara zaidi kuliko matusi, na madhara yake yanaonekana kliniki. Ugonjwa huja na huondoka, hivyo familia hutafuta dawa. Ng'ombe wanauzwa, mganga analipwa, maombi ya usiku kucha yanafanyika, na mtoto anapobaki vilevile imani ya aliyempeleka huhukumiwa. Sindromu ya Down haiponi kwa sababu si ugonjwa. Ni namna mwili ulivyoundwa tangu kutungwa. Wakati huohuo, mtu aliyekwisha kuitwa mgonjwa hawezi kuonekana anapougua kweli. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengi hupata majimaji masikioni yanayopunguza usikivu, au tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vya kutosha, au macho yanayohitaji miwani. Mtoto anachoka akinyonya, anahema kwa nguvu, midomo inageuka rangi, na watu husema ndivyo walivyo. Msichana wa miaka 15 ananenepa, amekuwa mzito wa kuamka, amenyamaza, ndivyo walivyo. Huenda ni thairoidi, na kuna vidonge vyake. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika hospitali chache, zile kubwa zikiwa Nairobi. Safari ya namna hiyo haianzi mpaka mtu mmoja nyumbani aseme: hali yake ni moja, na ugonjwa wake wa leo ni mwingine.

Matunda ya kutenganisha mambo hayo mawili yanajulikana. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi kama miaka 25. Leo ni karibu miaka 60. Kromosomu hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba walianza kupasuliwa moyo, kutibiwa kama watu wengine, na kutoachwa katika taasisi za kufungia watu.

Kuna pia upole wa aina nyingine: malaika, mtoto wa Mungu, hana dhambi. Mama akiyasema usiku, peke yake, sina neno. Ni faraja yake. Jamii nzima ikiyasema, tunapata mtu asiyeruhusiwa kukasirika, kutamani, kuchoka, kukataa chakula asichokipenda. Na tunapata mtoto asiyekua. Hapa ndipo tatizo la kutajwa linapojionyesha wazi. Mwanamume wa miaka 33, mwenye ndevu, anaitwa "kitoto kile" na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari anachota maji. Watoto wanaopita njiani humpa shikamoo mjomba wake aliyeketi kushoto na shangazi aliyeketi kulia, yeye aliye katikati wakamruka. Hakuna aliyewafundisha kumtukana, na hakuna aliyewafundisha kumwamkia.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo lugha yetu ina utajiri ambao hatujautumia. Adabu ya Mswahili haikai katika nomino. Imo katika maamkizi, katika nani aanze, katika shikamoo na marahaba, katika salamu aleikum inayodai jibu, katika kumwita mtu ami, shangazi, kaka, mzee fulani, hata kama hamna damu moja. Imo katika kumwita mwanamke Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sikiliza vizuri katika familia ambayo mtoto wa kwanza ana sindromu ya Down: mara nyingi utasikia mama akiitwa kwa jina la mtoto wa pili. Anayefanya hivyo hakukusudia ubaya, pengine anadhani anamstahi mama. Kwa kweli amemfuta mtoto mmoja, na mama anasikia kila anapoitwa sokoni. Anayetaka kubadilisha lugha Garsen angeanza na hilo kabla ya kugawa vipeperushi. Hakuna istilahi mpya inayohitajika. Heshima iliyopo tayari imfikie na yeye.

Wapo wanaodhani salamu hiyo haina maana kwa kuwa "haelewi". Utafiti wa miaka mingi kuhusu lugha ya watu wenye sindromu ya Down unaonyesha jambo moja kwa uthabiti: kwa wengi wao, wanachoelewa ni kingi kuliko wanachoweza kutamka. Misuli ya mdomo na ulimi imelegea, usikivu mara nyingi una hitilafu, kumbukumbu ya maneno yaliyosikika ni fupi ilhali ya vitu vilivyoonwa ni nzuri zaidi. Jibu huchukua muda kutoka. Muulizaji asiyengoja humgeukia mama: "Anataka chai?" Na yule aliyekuwa ameanza kukusanya neno hulimeza. Akirudiwa hivyo miaka 10 ataacha kujaribu, kisha ataitwa bubu; au atachelewa kutii kwa sababu bado anayapanga aliyoyasikia, aitwe mbishi. Ajuaye kungoja, aonyeshaye kitu kwa mkono huku akikitaja, atumiaye sentensi fupi bila sauti ya kitoto, hushangaa kukuta mazungumzo yalikuwepo siku zote.

Sitaki kuwaonea watu wa vijijini. Katika mashamba ya mpunga ya Delta ya Tana kuna vijana wenye sindromu ya Down wanaoamia ndege tangu alfajiri, na katika mazizi ya wafugaji wako wanaowajua ndama mmoja mmoja. Kijiji hicho huenda kinawaita kwa maneno makali ambayo hayaandikiki, lakini kimewapa kazi, njia ya kupita, na watu wa kuwauliza wasipoonekana jioni. Ofisini mjini mambo hugeuka: ukutani pamebandikwa "watu wenye ulemavu", lugha ni safi kabisa, na kijana mwenyewe ameachwa kwenye benchi la nje karani akizungumza na mamake. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kijiji. Lakini hakuna sababu ya kuchagua, na matusi ya kijijini yana gharama yake, hasa kwa wasichana.

Gharama hiyo inaonekana mahakamani. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1930, enzi za ukoloni, ilikuwa na kifungu cha 146 kilichowataja waliodhulumiwa kingono kwa maneno ya Kiingereza ya wakati ule yaliyo sawa na zezeta na punguani, na maneno hayo yalikuwa bado yamo Katiba ilipopitishwa mwaka 2010. Sheria iliyokusudia kumlinda ilimdhalilisha kwanza. Mtaani maneno hayo hufanya kazi mbaya zaidi: mdhalimu humchagua msichana ambaye kijiji kizima kimekwisha kukubaliana kwamba "hajui asemalo". Akisema, haaminiwi. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na Katiba yenyewe zinaruhusu shahidi wa namna hii kuwa na msaidizi wa kuwasilisha maneno yake mbele ya hakimu. Njia ipo. Kinachoiziba ni kwamba kuanzia nyumbani hadi kituo cha polisi hakuna aliyemwita msichana huyo akamsikiliza.

Serikali nayo ina lugha yake inayoumiza bila kutukana. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wakati wote. Pesa hizo ni kidogo na zinahitajika sana. Ila ili kuzipata, mama hulazimika kumweleza mwanawe kwa yale yote asiyoweza, mbele yake, kwa sauti, huku foleni ikisikiliza: hawezi kula peke yake, hawezi kuvaa, hajui hatari. Mama aliyetumia miaka mitano kumfundisha kufunga vifungo vya shati anajikuta akinyamaza kuhusu vifungo hivyo. Maofisa wangeweza kumwuliza faraghani, na kumwuliza mtoto naye. Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 ili kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni, huuliza pia mtoto anaweza nini. Swali hilo lingefaa kuhamia kwenye madawati mengine.

Tana River ni nchi ya Waislamu na Wakristo, na miongoni mwa Wapokomo dini zote mbili huweza kukaa nyumba moja. Mahubiri ndiyo yenye masikio ya watu huku kuliko redio, nami ningependa maimamu na wachungaji walichukue jambo hili. Sura ya Al-Hujurat inakataza waziwazi kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Mafundisho hayo yanajulikana. Lakini kwa hoja yangu, lenye uzito zaidi ni tukio linalofungua Sura ya Abasa. Kipofu alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kufundishwa, wakati yeye akizungumza na wakuu wa Makureshi. Hakuna tusi lililotamkwa. Kilichoteremshiwa aya ni kukunja uso na kugeukia upande mwingine, mbele ya mtu ambaye hata hakuweza kuuona uso huo. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa tofauti kati ya kuacha kutukana na kumgeukia mtu.

Mafuriko ya mto Tana, kama yale ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024, yamekuwa yakifichua waliofichwa. Maji yakija, kila mtu hupelekwa kwenye mwinuko, na majirani hukutana na vijana ambao hawakujua wapo. Majina huandikwa kwa ajili ya mahema na unga. Kisha maji hupungua, watu hurudi, na milango hufungwa tena. Orodha zile zingeweza kuwa mwanzo wa kitu: mwalimu wa kitengo maalumu angejua wa kumfuata, mhudumu wa afya wa jamii angejua moyo wa nani haujasikilizwa.

Na kwa waliotimiza miaka 18, kuna kitambulisho. Familia nyingi haziombi, kwa kudhani hakimhusu. Bila hicho, kijana huyo hawezi kuwa na laini ya simu kwa jina lake wala akaunti ya pesa, hujisajili kwa shida katika bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na hawezi kujiandikisha kupiga kura. Juu ya kura, Katiba katika kifungu cha 83, kwa upande wa akili, humzuia tu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Neno lenye nguvu hapo ni "aliyetangazwa". Karani hawezi kutangaza kwa kumtazama macho, chifu hawezi, na mzazi pia hawezi. Kijana anayefika ofisini Garsen na kromosomu zake 47 hajatangazwa na yeyote. La kwanza la kumuuliza ni jina lake, na wa kuulizwa ni yeye. Mama aliyemsindikiza atajaza yatakayopungua.